Siku Niliyowaosha Mbwa wa Mbio kwa Dawa ya Ng'ombe

Meneja wa shamba aliponiambia niwaoshe mbwa wa Mama, mwajiri wetu, kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, nilipaswa kukataa. Nilisema sawa. Nilisema hivyo mbele ya wakamuaji waliokuwa wamesimama na ndoo zao, kisha nikaenda kuchukua pampu. Nawaandikia ninyi mnaofuga mbwa siku hizi, hasa mliochukua wale wa mbio waliostaafishwa, mjue kazi hii ilifanywaje na jinsi mtu anayeijua anavyoweza kuiharibu.

Niliingia katika kazi ya mbwa nikiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa njia ya kuendelea. Baba alikuwa ametoka magharibi kufanya kazi ya reli, nasi tukazaliwa Nakuru. Kampuni moja ya ulinzi mjini ilikuwa inatafuta watu wa kutunza mbwa. Siku ya kwanza nilipokelewa na mkuu wa mbwa, sajini mstaafu aliyetembea kana kwamba gwaride halijaisha.

"Barasa, unaogopa mbwa?"

"Hapana, afande."

"Basi wewe ni mjinga. Shika huyu."

Alinipa mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito, ndoo, brashi, na chupa ya dawa inayotumika kwenye josho la ng'ombe. Wakati huo hakuna aliyenunua dawa ya kupe ya mbwa. Ulipima kwa kifuniko, ukakoroga, ukamsugua mbwa kuanzia shingoni kwenda mkiani. Miaka yote niliyokaa pale sikuona mbwa hata mmoja akifa kwa kuoshwa hivyo. Mikono yangu ikazoea, na mkono uliozoea hauulizi swali.

Kutoka hapo nilikwenda kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo upande wa Lanet. Kazi yangu ilikuwa kushika wanyama wakichomwa sindano, kuchemsha vyombo na kusafisha vidonda. Daktari yule alikuwa mkali lakini alifundisha. "Anza na ufizi," aliniambia kila mara. "Mwenye mbwa atakudanganya, ufizi hautakudanganya." Ufizi wa waridi ni afya. Mweupe, damu imepungua, na huku kwetu mara nyingi ni homa ya kupe. Wa manjano, ini lina shida.

Daktari ndiye aliyenipeleka kwa Mama. Alikuwa mjane Mzungu, mzaliwa wa huku, mwenye shamba la ng'ombe wa maziwa juu ya Sachangwan, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa akipokea mbwa wa mbio kutoka ng'ambo, wale wanaoitwa greyhound, ambao mwendo wao umepungua na wenyewe hawawataki tena. Walifika kwa ndege ndani ya vizimba, wana namba za wino ndani ya masikio, na hawakuwa wamewahi kuona ngazi, kioo wala kuku. Tuliwatunza mpaka wakatulia, kisha Mama akawatafutia familia Nakuru mjini na Kiamunyi.

Nilikuwa nadhani najua mbwa. Hawa nilijifunza upya. Ngozi yao ni nyembamba, mwiba unaomkwaruza mbwa wa kijiji unampasua huyu kama karatasi. Chini ya ngozi hakuna mafuta, kwa hiyo baridi inamfikia haraka, na akilala sakafuni viwiko vinachubuka. Mpe godoro. Shingo yake ni nene kuliko kichwa, mkanda wa kawaida unamtoka, hivyo anafungwa mkanda mpana. Usimfungue mahali pasipo na ua, maana akiona sungura hakusikii tena. Meno yao huja yameoza kwa chakula laini cha mabanda ya mbio, yanataka mswaki kila siku. Vidole vinaota sugu zinazouma kama msumari. Na akichechemea wiki mbili bila kupona, usimpake dawa ya misuli ukangoja. Mpeleke apigwe picha, kwa sababu saratani ya mfupa huwapata sana.

Jambo moja Mama alilirudia kuliko yote. "Barasa, dawa ambayo kwa mbwa mwingine inapita, kwa hawa inakaa mwilini. Ya usingizi, ya kupe, yoyote ile. Usiweke kitu juu yao kabla hujaniuliza mimi au daktari."

"Nimesikia, Mama."

Nilikuwa nimesikia.

Mke wangu Rebeka aliwashonea masweta kutoka kwa mablanketi makuukuu. Kila asubuhi nikiwavalisha, wakamuaji walikuwa na maneno.

"Yaya! Watoto wameamka?"

"Huyo mwingine hujamfunga nepi, mzee. Atakojoa kitanda."

Mkubwa wao, Kosgei, alikuwa akiwaita swara. "Hizi swara za Mama zinakunywa maziwa kuliko mtoto wangu," alisema, na wenzake wakacheka. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa naumia kuliko nilivyotaka wajue. Nilikuwa mtu aliyeshika mbwa wakali wa ulinzi, na sasa naitwa yaya.

Kisha Rebeka akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Hospitalini walimwonyesha mazoezi, lakini akirudi nyumbani alikuwa anageuza uso ukutani. Mama akaja kwenye nyumba yetu ya wafanyakazi na mbwa mmoja wa rangi ya majivu, mzee kuliko wote, ambaye hakuna familia iliyomtaka.

"Huyu ni wenu sasa," alisema. "Si wa shamba. Wenu."

Tulimwita Majivu. Watu hudhani mbwa wa mbio anataka kukimbia kutwa. Sivyo. Ana mbio fupi, halafu analala siku nzima, na kwenye kamba anatembea taratibu bila kuvuta. Mgongo wake ulifika mahali ambapo mkono wa Rebeka ulining'inia. Siku moja alisimama, akauweka ule mkono mgonjwa juu ya mgongo wa Majivu, na wakaenda mpaka mlangoni. Kesho yake mpaka kwenye bomba la maji. Baada ya muda wakawa wanafika lango la shamba na kurudi, yeye akiburuta mguu, mbwa akimngoja. Neno la kwanza lililotoka wazi mdomoni mwake halikuwa jina langu. Lilikuwa, "Twende, kijana."

Mambo yalikuwa hivyo Mama alipokwenda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa nyonga na kumwachia meneja shamba. Meneja alikuwa kijana msomi, si mtu mbaya. Mtamba mmoja mzuri alikufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, naye akaingiwa na hofu. Alitukuta nje ya banda la kukamulia.

"Mzee Barasa, leo ni siku ya kuogesha ng'ombe. Na mbwa pia. Zote."

"Boss, hawa hawaoshwi na hiyo dawa. Mama alikataza."

"Mama hayuko. Mbwa hulala kwa nyasi ya ng'ombe, kupe zinapanda. Umewahi kuosha mbwa na hii dawa ama hujawahi?"

"Nimewahi. Lakini wale walikuwa..."

"Ilikufa?"

Nikatikisa kichwa. Kosgei akadakia, "Wachana na yaya, boss. Anaogopa watoto watapata homa."

Walicheka wote. Hata meneja alitabasamu. Ningeweza kumpigia Mama simu, ilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpigia daktari. Nilisema, "Sawa. Naosha."

"Na ile ya kwako," meneja akaongeza.

Nilijidanganya kwamba nikipunguza kipimo hadi nusu hakutakuwa na neno. Hilo ndilo kosa la mtu wa shamba. Tunadhani sumu ni kama chumvi kwenye mboga, ukipunguza imekwisha kuwa salama. Nilikwenda nyumbani kumchukua Majivu. Rebeka alikuwa amekaa mlangoni, tayari kwa matembezi, kamba mkononi.

"Wapi?" aliniuliza.

"Kuoga tu. Nitamrudisha sasa hivi."

Akanipa kamba.

Mbwa walikuwa watano pamoja na Majivu. Kabla ya saa sita wote walikuwa wanatoa udenda, misuli inatetemeka chini ya ile ngozi nyembamba, miguu inapishana. Nilimpigia daktari nikamwambia ukweli wote kwenye simu. Akasema, "Waoshe upya na maji mengi na sabuni. Wakaushe, wafunike. Nakuja." Niliosha mpaka mikono ikafa ganzi. Kosgei aliacha ng'ombe akaja kunichotea maji, na safari hii hakuniita yaya. Daktari alifika na sindano zake, akawaokoa watatu. Mmoja alikufa akiwa kwenye gari la daktari. Majivu alikufa juu ya magunia bandani, kichwa chake pajani mwangu, ufizi wake mweupe.

Nilirudi nyumbani na kamba. Rebeka aliitazama.

"Ulijua?"

Maneno yake yalikuwa machache siku zile, akiyachagua kwa taabu. Lile alilitamka vizuri.

"Nilijua," nikasema.

Mama aliporudi hakunifukuza. Alikaa kwenye kiti na magongo yake, akanisikiliza hadi mwisho. "Meneja hakujua, Barasa," alisema. "Sheria nilikupa wewe." Wale watatu waliobaki aliwatafutia familia mjini, na hakuleta wengine. Nilihamishiwa kwa ndama mpaka nilipostaafu, tukahamia kijumba chetu Kiamunyi.

Vijana hunijia na mbwa wao wa mbio niwaangalie meno na miguu. Nawaambia yote niliyoandika hapa. Wananiita daktari, nami nawakataza. Wakitoka nawaona wakishuka barabara, mbwa akitembea pembeni bila kuvuta, na narudi ndani.

Baada ya siku ile Rebeka hakutembea tena. Nilimwomba, nikamnunulia gongo, nikamletea mbwa mwingine mpole, akamtazama na kugeuza uso. Mguu ulikaza, kisha akawa mtu wa kitandani. Tuliongea, lakini mambo ya chai na dawa tu. Alifariki mwaka wa pili wa kustaafu kwangu. Hospitalini walisema ni presha, na damu iliyoganda kwa kulala muda mrefu. Mimi najua alianza kulala lini. Niliogopa kuchekwa na wakamuaji, nikamuua mbwa aliyekuwa akimtembeza mke wangu, na kwa kumuua huyo nikampoteza mke.