Uwanja Uliohesabiwa Saa Nane

Ofisini walimwita Bi Kijani, kwa sababu kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kupaka rangi ya kijani kwenye ramani ya jiji, kila mahali palipoachwa wazi ili watu wapumue. Na kwa kuota mchana, jamani, hakuwa na mpinzani. Aliweza kushika brashi nusu saa nzima, macho yamezama katika kijani kile, anasikia majani yakisuguana, anaona watu wameketi kwenye mabenchi ambayo hata hayajachongwa, na chai yake imepoa zamani. Wenzake walimtania, "Bi Kijani, ukifika huko utusalimie."

Kazi yake ya pili hakuiota. Jiji lilikuwa linaumuka kama unga uliotiwa hamira, na kila mwaka kamati ilikaa kugawa fungu la bustani. Uwanja wenye watu ulipata miti, taa na bomba la maji. Usio na watu walipewa wajenzi. Wa kuhesabu watu alikuwa yeye. Alikwenda saa nane mchana, kwa kuwa ndiyo saa gari la ofisi lilikuwa halina safari. Jua la saa nane unalijua. Akikuta hakuna mtu aliandika sifuri, akatia saini, akarudi kwenye rangi zake bila kuwaza hili wala lile.

Kisha mama yake akapata kiharusi. Daktari akasema mgonjwa atembee kila siku mahali tambarare, na njia za mtaani kwao zilikuwa na mawe na pikipiki tu. Bi Kijani akaomba ruhusa ya kutoka mapema, akampeleka uwanja wa nyuma ya nyumba. Alikuwa hajawahi kuuona jioni. Mwanga ulikuwa laini, vumbi linaelea bila haraka, wanawake wanazunguka wakicheka, wazee wanakimbia polepole mpaka unadhani wamesimama. Alihisi ameingia ndani ya ramani yake.

"Usinishike, mwanangu," mama alisema baada ya mwezi. "Leo nafika golini peke yangu."

Wiki ile ile orodha ya wajenzi ikatoka, na uwanja ule ukawemo. Sifuri, na saini yake chini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bi Kijani aliingia chooni akalia mpaka kanga ikalowa. Mama atatembea wapi?

Jioni saba alihesabu upya, mama akiwa kando yake. Watu mia tatu na kumi na mbili. Siku ya kikao akapiga moyo konde, akaziweka karatasi mezani.

Mwenyekiti hakuzigusa. "Asiyekuwepo na lake halipo, Bi Kijani. Fomu yako inasema hakukuwa na mtu."

"Walikuwepo, mwenyekiti. Mimi ndiye nilikwenda saa ambayo mwenye akili timamu hakai juani."

Wajumbe wakacheka kidogo. Mwenyekiti akazisoma karatasi, akaufuta uwanja kwenye orodha, akauandikia miti na taa. Bi Kijani akashusha pumzi. Ndipo katibu, mama mpole asiyependa kumuumiza mtu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na vile viwanja tisa tulivyokwisha kuwapa wajenzi?"

"Nilivihesabu mimi," Bi Kijani alisema. "Vyote saa nane."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Jioni hiyo hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita mtaa wa maghala, ambako aliwahi kuandika sifuri yake ya kwanza. Ukuta ulikuwa mrefu, wa kijivu, na kando yake, kwenye ukingo wa barabara, watu walikuwa wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake, malori yakiwapita karibu kuwagusa. Walikuwa wengi. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama kupumzika, akamwona anavyouangalia ukuta.

"Wewe si wa hapa," alisema. "Zamani hapa palikuwa na uwanja, mwanangu. Tulikuwa tunajaa."

"Najua, baba," Bi Kijani alisema, akampa mkono wavuke.