Sarafu Zenye Wenyewe

Wifi yangu alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Bibi Povu. Alikuwa mfupi, mabega mapana kama ya mpagazi, vidole vimechujuka kwa sabuni mpaka ncha zikawa nyeupe. Yeye alifua, mimi nilipiga pasi, miaka ishirini na tisa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni. Mtu na wifi yake, chumba kimoja, na pasi ya makaa katikati! Waliotutabiria vita walivipata, lakini nguo ya mteja haikulala hata siku moja.

Yeye hakusoma kabisa, mimi nilisoma kidogo, tena ukubwani. Kwa hiyo kila mteja tulimpa alama yake ya uzi, tukaishona ndani ya kola au kiunoni mwa suruali. Mwoka mikate alikuwa buluu, mishono mitatu. Mwalimu mmoja mrefu alikuwa kijani, mshono mmoja wa kulala. Nyumba yangu mimi ilikuwa nyekundu, miwili iliyopishana. Wifi angeokota soksi moja njiani akakwambia ni ya nani na mwenzake iko wapi.

Kabla ya kuloweka alipekua mifuko. Alichokikuta alikiweka dirishani mpaka mwenyewe aje. Basi wasafiri, na wateja waliorudi safari, walisahau humo sarafu za nchi za watu. Akiwarudishia walicheka: "Kaa nayo, mama, hapa hainunui hata kiberiti." Akishaambiwa hivyo ndipo aliipokea. Aliifunga kwenye kitambaa, akashona juu yake alama ya mwenye nguo, akaitia kwenye debe la biskuti.

"Unakusanya vyuma vya watu ili iweje?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe wifi unakusanya maneno ya watu. Nimekuuliza ya nini?"

Alifariki mwaka jana. Mtoto hakujaliwa. Jirani yake aliniletea debe na ujumbe: "Amesema upewe wewe, na usilifungue kwa pupa."

Nililifungua kwa pupa. Vitambaa vilikuwa vya kijivu, vinanuka kutu. Nikaona haya kwa niaba yake. Dobi mzima, arithishe matambara machafu? Watu wangesema nini? Nikavifungua vyote, mia moja na ishirini, sarafu nikazimwaga kwenye beseni, vitambaa nikavichemsha kwa magadi na kuvianika. Vilitoka vyeupe kama meno ya mtoto. Nikavitazama kwenye kamba, nikajisifu.

Jioni akaja binti yangu na mumewe. Mkwe wangu huyu ni fundi saa, na sarafu ndiyo mapenzi yake. Akaiangalia kamba, akaliangalia beseni, akaketi bila kukaribishwa. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba ameharibu, kwa hiyo aliviambia vitambaa: "Mmeogeshwa vizuri."

Binti yangu hana adabu hiyo. "Mama, sasa utajuaje ipi ilitoka kwenye kitambaa kipi?"

"Nitajua."

"Zote hizi?"

"Nimesema nitajua!"

Nilikuwa sijui.

Mkwe alikuwa ameniletea sanduku zuri, kifuniko cha kioo, ndani mahameli na mashimo ishirini na manne. "Mama," alisema kwa upole, "mkusanyiko usio na mwelekeo ni chenji tu iliyokosa mfuko. Chagua jambo moja. Nchi moja, au zenye wanyama, au zenye tundu katikati. Zitakazobaki nitawagawia wenzangu wa chama cha wakusanya sarafu, Jumamosi."

Nikajaribu wanyama. Simba, samaki, ndege wa kila namna, sanduku likajaa na likapendeza. Lakini wifi yangu alikuwa akifukuza hata paka! Nikajaribu zenye tundu. Zikapendeza nazo, na yeye hakuwamo. Debe la mtu yeyote lingetoa sanduku kama lile. Nikaona Jumamosi inakuja, na wifi yangu atatawanywa kwenye mifuko ya watu wasiomjua, na aliyemfungua ni mimi.

Alhamisi niliviondoa vitambaa kambani nivipige pasi, maana nguo iliyofuliwa hupigwa pasi, iwe shuka au tambara. Pasi ilipopita juu ya uzi wa buluu, mishono mitatu, nikasikia sauti ya mwoka mikate: "Bibi Povu, hiyo nene nilidhani ni kifungo cha koti." Nikaiacha pasi, nikachakura beseni. Nene ilikuwa moja tu. Kijani wa kulala: mwalimu mrefu, sarafu yake ina pembe nane, tulibishana wiki nzima kama pembe ni nane au saba. Nilisema saba. Nikazihesabu tena. Nane, wifi, haya umeshinda.

Kufikia alasiri nilikuwa nimezipatia nane wenyewe. Kitambaa cha tisa kilikuwa na uzi mwekundu, mishono miwili iliyopishana.

Mwaka mmoja niliunguza shati la bwana harusi, alama ya pasi kifuani pake. Nikasema wifi hakulisuuza vizuri. Akaniuliza, "Pasi ilikuwa mkononi mwa nani?" Swali la haki, ndiyo maana liliniuma. Nikatoa sarafu yangu, ya hapa hapa kwetu, nikamtupia: "Chukua ujira wako, dobi we, tusijuane!" Ikagonga ukingo wa karai, ikaangukia povuni. Miezi mitatu tulisemeshana kupitia wateja: "Mwambieni huyo mwenye pasi makaa yamekwisha." Kisha asubuhi moja akanimiminia chai, nikanywa, yakaisha. Radhi sikumwomba. Nilidhani ile sarafu aliinunulia sabuni wiki ile ile.

Ilikuwa kwenye beseni, na pengo pembeni pale ilipogonga karai. Sabuni ilikuwa ikituishia kila mwezi, na hakuigusa.

Hakuna aliyejua habari ya sarafu ile ila sisi wawili. Ningeweza kuirudisha kati ya wenzake, ikaenda zake Jumamosi. Niliishika mpaka ikapata joto.

Jumamosi mkwe akaja. "Shikamoo, mama. Umechagua mwelekeo gani?"

"Marahaba. Zenye wenyewe."

Nikamfungulia. Sarafu tisa, kila moja imelalia kitambaa chake, na uzi unaonekana.

Alizitazama kwa muda mrefu. "Zimependeza. Ila mama, mashimo kumi na matano yako wazi. Tungeongeza wale ndege..."

"Yaache. Hayo nimeyafua mimi."

Akabeba beseni la zilizobaki. Binti yangu ndiye aliyeinamia kioo. "Hii ya kwanza si alama ya nyumba yetu, mama? Na hii sarafu si ya hapa hapa? Nani aliisahau mfukoni?"

"Haikusahauliwa. Kaeni chini wote wawili. Na wewe mkwe, weka beseni."

Wakakaa. Nikaanza na shati.