Nyasi za Kwenye Simu

Baba alipotaka kuhamisha ng'ombe, alituma watu wawili kwanza. Kazi hiyo kwetu inaitwa sahan. Wanakwenda kwa miguu kuangalia malisho na maji, wanakaa njiani siku nne au tano, kisha wanarudi. Wakifika hawaulizwi kitu. Wanapewa chai, wanakunywa, wananyoosha miguu. Ndipo wazee wanaanza: nyasi ni za namna gani, maji yatatosha siku ngapi, kupe wapo, nani ameshafika pale. Mtu wa sahan ana sharti moja. Alichokiona anasema nimeona. Alichosikia anasema nimeambiwa, na anamtaja aliyemwambia. Akichanganya hayo mawili, hatumwi tena maisha yake yote.

Hayo nimekua nikiyasikia, ingawa mimi ni msichana na hakuna aliyewahi kufikiria kunituma. Nilisoma Garissa mjini, nikaenda chuo kikuu Nairobi, nikarudi na shahada ya jiografia na tabia ya kuwaza kila jambo mara kumi. Kazi sikupata. Nilikaa kwa mama hapa mtaa wa Iftin, Garissa, nikituma maombi, kisha nikiyasoma upya maombi niliyokwisha kutuma ili nijue nilikosea wapi. Nilitaka kumfaa mtu yeyote. Ndiyo sababu nilianzisha kikundi cha simu cha ukoo.

Niliwaingiza karibu wote: walioko Waberi, Wajir, Liboi, na walioko malishoni. Baba nilimpa simu yangu ya zamani yenye ufa kwenye kioo, pamoja na sola ndogo ya kuichajia. Hasomi, kwa hiyo kila mtu nilimwekea picha. Mama alikuwa birika. Mimi nilikuwa kalamu. Abti yangu, yaani ndugu wa mama anayekaa Waberi, alikuwa kofia. Nilimfundisha baba kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuishikilia. Mwezi wa kwanza alikuwa anapiga kelele kana kwamba anamwita mtu wa ng'ambo ya bonde, na shangazi mmoja akamjibu, "Punguza, mzee. Umeniamshia mtoto."

Na kikundi kilifaa, nisiseme uongo. Ngamia aliyepotea alipatikana kwa picha ya alama yake ya moto. Mjamzito alipatiwa gari. Watu walianza kunisifu, nami sifa zikanikaa vibaya.

Kiangazi kilipokaza, baba alinipigia. Ng'ombe walikuwa wamechoka, na nguvu waliyobaki nayo ilitosha safari moja tu. Akikosea upande, hawangeweza kurudi.

"Kesho namtuma binamu yako na mwenzake," akasema.

"Aabo, watembee siku zote hizo za nini? Kikundi kina watu kila mahali. Nipe siku mbili."

"Aabo, simu yako imewahi kukanyaga nyasi?" Kwetu baba humwita mtoto wake aabo, kama mtoto anavyomwita yeye.

"Haijakanyaga, lakini inaona mbali kuliko binamu."

Akacheka. "Haya. Wewe ndiye sahan wangu. Ukikosea nitakuoza kwa mzee mwenye meno mawili."

Siku ya pili, abti alituma video kwenye kikundi. Ilikuwa fupi, chini ya dakika moja. Nyasi mpaka magotini, silanga ya kunyweshea mifugo imejaa maji mpaka ukingoni, na sauti ya mwanamume ikimshukuru Mungu na kutaja mahali fulani upande wa Liboi. Watu wakajaza dua chini yake. Mimi niliitazama mpaka simu ikapata moto. Juu yake kulikuwa na alama kwamba imepitishwa mara nyingi. Nani aliipiga? Lini? Niliandika swali: "Abti, hii ni ya siku gani?" Nikalifuta. Kumuuliza mjomba hivyo mbele ya watu sitini ni sawa na kumwita mwongo. Nikaliandika kwake peke yake, nikawaza atamwambia mama kwamba elimu imenifanya jeuri, nikalifuta tena. Nililiandika na kulifuta mpaka adhuhuri.

Mwishowe nilimrekodia baba ujumbe wa dakika mbili na nusu. Niliweka kila kitu: kwamba nimeona video tu, kwamba abti naye ametumiwa, kwamba sijui ni ya lini, asihame mpaka nipate mtu wa kule wa kuzungumza naye. Ulikuwa ujumbe mzuri. Mpaka leo ninao.

Baba hupata mtandao kwenye kilima kimoja tu, na hupanda kabla ya magharibi. Jioni hiyo alipiga. "Kalamu yako naiona, lakini inazunguka tu, haifunguki. Sema kifupi." Simu ikakatika.

Nikarekodi upya. Dakika moja. Bado ndefu. Nikatoa abti. Nikatoa habari ya kupitishwa mara nyingi. Nikatoa "sijui." Zilibaki sekunde kumi na tano: "Aabo, upande wa Liboi mvua imenyesha, nyasi zipo, silanga imejaa. Nimeona." Alama zikageuka rangi, nikajua amesikia. Nilifurahi kwamba ujumbe umefunguka.

Kisha zikapita siku kumi bila neno. Siku ya kumi na moja alipiga kwa namba ya mtu mwingine. Hakugomba. Alinipa taarifa kama mtu wa sahan anavyoitoa, kwa mpangilio.

"Nyasi hakuna. Silanga ni matope yaliyopasuka. Ng'ombe saba hawasimami, wengine watafuata. Wenyeji wanasema mvua hiyo ilinyesha mwaka jana."

"Aabo..."

"Usilie. Mwenye simu anaitaka simu yake."

Ng'ombe wengine walifuata, kama alivyosema. Alibakiwa na mbuzi, akamwachia binamu, akaja mjini na fimbo yake na ile simu.

Abti alizungumza kwenye kikundi kabla hajaulizwa. "Video nilitumiwa nami nikaituma. Ni nani niliyemwambia ahame?" Alikuwa na haki. Nimeigeuza sentensi hiyo pande zote nikitafuta mahali pa kuishika, sijapata. Waliotoa pole walitoa. Kijana mmoja wa Wajir akauliza, "Msomi, leo mvua iko wapi, tukinge ndoo?" Wengi wakacheka, na waliocheka ndio haohao walioniombea dua wakati wa yule mjamzito.

Baba hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Alikaa mkekani karibu na mlango, akiwasikiliza watu wa kikundi wakibishana juu ya bei ya fahali na dawa ya kupe. Ningependa anitukane. Mama ndiye aliyesema, tena mara moja tu, akichambua mchele: "Ulimwambia umeona." Hakuinua uso.

Asubuhi moja baba alininyooshea simu. "Nitoe humu."

"Kwa nini, aabo?"

"Kutwa wanazungumza mifugo. Mimi nina nini cha kusema?"

Ningeweza kumwonyesha jinsi ya kujitoa mwenyewe. Sikuwaza, labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwaza. Nilichukua simu yangu, na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi, nikamtoa. Kikundi kizima kikaandikiwa kwamba mimi nimemwondoa baba yangu.

Ujumbe wa kwanza ulikuja kabla sijaiweka simu chini. Ulikuwa wa mzee wa Wajir, mkubwa kuliko baba. "Binti, ng'ombe ulimmalizia. Sasa unamfukuza hata kwenye mazungumzo?" Shangazi akafuata: "Hiki ndicho walichokufundisha Nairobi?" Abti aliweka ikoni ya kichwa kikitikiswa.

Nilianza kurekodi maelezo. Nilisema kwamba yeye ndiye aliyetaka, na kwa nini alitaka, na kwamba kitufe hakisemi yote. Yalifika dakika tatu. Nikayafuta, kwa sababu ili waelewe kwa nini alitaka kutoka ningelazimika kulisema lile lingine lote.

Baba alikuwa ananiangalia. "Sasa hawanisikii tena?"

"Hawakusikii."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa ndara zake, akaenda msikitini mapema mno kwa adhuhuri. Simu yake aliiacha mkekani. Yangu ilionyesha kwamba mzee wa Wajir bado anarekodi.