Mashine Iliyopima Chungwa

Shangazi yangu, pale zahanati, wanamwita Tone Moja. Jina limemganda kwa sababu kila anayekaa mbele ya meza yake, yeye humwambia, "Tone moja tu, usikunje uso." Anakutoboa kidole, anagusisha damu kwenye stripu yenye dawa inayokutana na sukari, umeme kidogo unapita, na kimashine cha kutosha kiganjani kinatoa namba kabla hujamaliza kulalamika. Namba ikitoka, imetoka. Uwe mkubwa, uwe mkwe wake, harudii ili kukufurahisha. Mimi aliwahi kunitimua nilipomwombea rafiki yangu apimwe tena, na nilinuna kwelikweli.

Siku madaktari wa macho walipopita nilimpeleka bibi, mama mzazi wa huyo huyo Tone Moja. Bibi ni muuza machungwa tangu ujana wake. Jicho moja lilishakwisha kabisa, na hili la pili mtoto wa jicho alikuwa amelifunika hadi sisi wajukuu akawa anatutambua kwa sauti. Madaktari walikuwa wanaondoka jioni ile ile, na hakuna aliyejua watarudi lini. Sharti lao lilikuwa moja: sukari ikiwa juu, hupasuliwi.

Kibaraza kilijaa. Bomba la kunawia lilikuwa kavu, kwa hiyo vidole vilifutwa kwa pamba yenye spiriti tu. Zamu ya bibi ikafika.

"Tone moja tu, mama."

Namba iliyotoka ilikuwa ya kutisha.

"Mama, sukari iko juu mno. Leo haiwezekani."

"We shangazi wewe!" Nikaruka, maana mdomo wangu hauna breki. "Si urudie! Mama yako huyu!"

"Nikirudia kwa mama yangu, yule fundi viatu niliyemkataa sasa hivi nitamwambia nini?"

Nilimchukia, nasema kweli. Bibi wala hakulalamika. "Basi, mwanangu," akasema, "giza nimeshalizoea."

Shangazi akainuka, akamshika mkono mama yake amsindikize hadi nje. Akasimama ghafla. Kiganja cha bibi kilikuwa kinanata. Akakipeleka puani.

"Mama, umeshika nini huko kwenye foleni?"

"Machungwa tu. Sikula hata kipande, haki ya Mungu! Wasindikizaji wametoka nyumbani bila chai, nikawamenyea. Fundi viatu naye akanisaidia."

"Yarabi!" Shangazi akajipiga paji la uso. "Mashine imepima chungwa! Sukari ya kwenye ngozi na ya kwenye damu haizitenganishi, na mimi nikategemea pamba!"

Akaagiza ndoo ya maji na sabuni, akamsugua mama yake vidole kama anayemwogesha mtoto. Kisha akanitolea macho: "Na usije ukasema nimerudia. Kile hakikuwa kipimo." Stripu mpya, kidole kingine. Tukasubiri.

Namba ikaja safi kabisa!

Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, na kibaraza kizima kikaitikia. Shangazi peke yake hakushangilia. "Kimbia," akaniambia, "kamrudishe fundi viatu!" Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki ngazini, nikamkuta mzee wa watu getini amejiinamia. Akanawa, akapimwa, akapita. Jamani, kelele za pale! Tangu siku hiyo ndoo na sabuni havibanduki mlangoni kwa Tone Moja, bomba litoe maji lisitoe.

Bibi alipasuliwa siku ile ile, na kesho yake shangazi mwenyewe ndiye aliyemfungua bendeji. Bibi akapepesa jicho, akanitazama mimi, akatabasamu. Halafu akamgeukia binti yake, akamkodolea macho muda mrefu.

"Ndiwe?"

"Ni mimi, mama."

Bibi akanyoosha mkono, akamshika kichwani. "Mbona umejaa mvi hivi, mwanangu, na hukuniambia?"

Shangazi akacheka, akalia, akasahau kabisa kwamba kuna foleni inamsubiri.