Mbwa wa Kazi Tatu

Siku fundi baiskeli alipomtia mzee Kipenga machoni kwa mara ya kwanza, alimkuta bandani akimpapasa mbwa jike kuanzia masikio hadi mkia, taratibu, kama anayechagua kitambaa. Mzee alikuwa mfuga mbwa wa kuwinda, na kipenga hakikumtoka shingoni. Ndicho kilichompa jina. Alisema jike yule, Tulia, ana kazi tatu: kunusa nyayo, kusimama kimya mguu juu kuonyesha ndege alipojificha, na kumleta ndege aliyepigwa akaanguka, hata majini. Akamtia yai mdomoni. Tulia akazunguka nalo banda zima, akalirudisha bila ufa.

Fundi alikuwa ametamani mbwa wa hivyo tangu ujana. Lakini aliuliza, "Mbona unamtoa?"

"Mwanangu, unataka mbwa au unataka habari zangu?"

Fundi akamchukua mbwa, lakini jibu hilo halikumtoka akilini. Nyumbani alimkagua Tulia meno, kucha, hata chini ya ulimi. Hakuona kasoro, na hapo ndipo shaka ilipozidi. Mkewe alimtania kwamba akiletewa baiskeli nzima ataifungua kutafuta ilipoharibika.

Kisha Kipenga akaanza kuja. Kila Jumamosi alisimama nje ya uzio, kichwa kimeinama upande, bila kubisha hodi. Fundi akajua tu: mzee anataka kumrudisha mbwa wake kwa kipenga. Akatia kufuli langoni.

Jumamosi ya nne alimnyemelea, spana mkononi, akasimama hatua mbili mbele yake. Mzee hakushtuka, wala hakumtazama. Ndani ya uzio Tulia alikuwa ameganda, mguu mmoja juu, pua imeelekea kichakani alimojificha kware.

"Nani hapo? Ni wewe, fundi?" mzee aliuliza. "Hatua za Tulia zimekatika ghafla. Anafanya nini?"

Fundi aliyatazama macho yale yenye ukungu. Mbwa wa kusimama habweki. Mwenyewe asipomwona, kazi imepotea. Akaificha spana nyuma, kana kwamba ingeonekana.

Alimweleza kila kitu: mguu wa kushoto, mkia ulionyooka, kichaka. Halafu, kwa aibu, akamwambia amchukue mbwa wake. Mzee alitikisa kichwa, akavua kipenga, akamwekea kiganjani.

"Akisimama hivyo usimwite, mwanangu, mwendee polepole. Mimi nilikuwa namwita, naye akadhani amekosea."