Udongo wa Kasala

Mzee Maduhu hakuwa msemaji hata kazini. Nimejenga naye miaka ishirini na miwili, yeye juu ya jukwaa, mimi chini nikikoroga udongo, na kuna siku tulizoanza saa moja asubuhi tukamaliza jioni bila kuambiana zaidi ya "leta" na "bado". Mimi nami si mtu wa maneno, kwa hiyo tulielewana. Watu wa Lwamasaga walikuwa wakitutania kwamba sisi tukijenga nyumba, kinachosikika ni mwiko tu.

Kazi iliyomlisha ilikuwa nyumba za watu, za matofali ya kuchoma na saruji. Lakini kazi aliyoiona kuwa yake ilikuwa moja, kulitunza baraza la zamani la mtemi, lililokuwa katikati ya kijiji chetu, kando ya njia iendayo Buseresere. Lilijengwa na baba yake, Mayala, mwaka 1952. Mayala alikuwa fundi wa Samuye. Mtemi wa huku alimwita kwa sababu alisifika kwa kupindisha matao kwa matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua, bila saruji hata kijiko kimoja. Majengo ya namna hiyo alijenga mawili tu maishani mwake. La pili liko upande wa Shinyanga, na kwa sababu mtakayoiona sitasema ni wapi.

Baraza lilikuwa na kuta nene za futi mbili, matao matano mbele, ukumbi wa kusikilizia kesi, na nyuma yake chumba cha mahabusu chenye dirisha la kupitisha mkono. Watemi walipoondolewa likawa mahakama, kisha ghala la pamba, kisha ofisi ya kijiji. Ofisi mpya ilipojengwa likabaki na popo. Kila Julai, mavuno yakishaingia ndani, Mzee Maduhu alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe akalikandika upya kwa mikono, ili mvua za Novemba zisilikute uchi. Hakuna aliyemtuma. Mkewe Mbuke, tunayemwita Mama Paskalia, alikuwa akisema mumewe ana wake wawili, na mke mwenzake ndiye anayepakwa mafuta kila mwaka.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, walikuja watu wanne wa chuo kutoka Dar es Salaam, wakiongozwa na mama mmoja mchoraji wa majengo aliyeitwa Eunice. Walikuwa wakizunguka mikoani kuyaingiza majengo ya kale kwenye kompyuta kabla hayajaanguka. Eunice alitueleza pale ofisini kwamba hiyo ndiyo namna ya kuyahifadhi siku hizi. Wakasimamisha chombo cha miguu mitatu, kinachozunguka chenyewe na kupima ukuta mzima kwa mwanga. Wakarusha ndege ndogo ikapiga picha juu ya bati. Watu walijaa. Huku kwetu mtu akisimamisha chombo cha miguu mitatu, swali ni moja tu, na liliulizwa siku hiyo hiyo: wameona dhahabu?

Eunice alicheka akasema yeye anatafuta tofali.

Siku ya tatu alimulika ukuta wa ndani, usiokandikwa, kwa tochi kutoka ubavuni, na baadhi ya matofali yakaonyesha alama mbili zilizobonyea. Aliuliza ni za nini, akaelekezwa kwa Mzee Maduhu. Alimsalimia vizuri, akamwomba wakae.

Sijawahi kumwona mzee vile. Alisema zile ni alama za madole gumba mawili ya baba yake, alizozibonyeza kwenye kila tofali la mia ili asipoteze hesabu. Alisema jinsi Mayala alivyolijaribu tofali kwa kulidondosha kutoka kiunoni, lililovunjika likarudi shimoni. Alisema jinsi walivyorundika mchanga chini ya matao mpaka yakakauka, na jinsi sakafu ilivyopigwa kwa udongo wa kichuguu. Alisema kwa saa mbili, na Eunice alirekodi kila neno. Miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Mwisho Eunice akauliza, "Na udongo wa matofali, baba, ulitoka wapi?"

"Kasala," akasema mzee. "Wote. Kina mama waliubeba kwa vikapu miezi miwili. Baba yangu Mayala wa Samuye alikataa udongo mwingine wowote. Alisema wa Kasala ndio unaoshika."

Kila mtu hapa anaijua Kasala. Ndiko yaliko maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, tangu mwaka 2009. Nililisikia jina hilo likitoka mdomoni mwake, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikushtuka. Sote wawili tulikuwa tunafikiria tofali.

Kabla ya kuondoka Eunice alimwachia mwenyekiti wa kijiji filamu fupi ili watu waone urithi wao. Baraza linazunguka taratibu kama mtu anayejionyesha katika nguo mpya, na sauti ya mzee inaeleza. Mwenyekiti akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na huko ikamfikia Nasibu.

Nasibu ana karasha, mashine ya kusaga mawe, na ana mwalo, mahali pa kuoshea yaliyosagwa ili dhahabu ibaki. Alikuja hapa na sululu moja. Si mtu mbaya, ndiye aliyeweka tangi la maji shuleni. Haikupita wiki, matofali kama kumi yakatoweka kwenye chumba cha mahabusu. Waliosaga walisema wameona njano kwenye karai. Wengine wakasema ni ulanga tu, unang'aa bure. Kwa hiyo jambo zima likabaki kwenye neno la mzee, kwamba udongo ulitoka Kasala kweli au hapana.

Siku moja Nasibu alikutana naye mbele ya duka la vifaa. "Shikamoo, mzee," akasema. "Yaani miaka yote hii ulikuwa unaipaka dhahabu mavi ya ng'ombe?"

Mzee aliitikia marahaba, akapita na mfuko wake wa misumari. Watu walicheka mpaka akakata kona.

Ukaitishwa mkutano. Nasibu alitaka kulibomoa baraza kwa gharama yake, alisage, alioshe, na katika kitakachopatikana atujengee zahanati. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wajawazito wetu wanapelekwa Buseresere kwa bodaboda, na wawili walijifungulia njiani mwaka huo. Hakuna mtu wa kusimama akasema ukuta ni bora kuliko zahanati.

Asubuhi ya mkutano nilimpitia mzee nyumbani. Mama Paskalia alimwambia mbele yangu, "Baba Paskalia, leo useme ulikosea. Sema udongo ulitoka mtoni. Uongo mmoja tu, nyumba yako inabaki."

Mzee alivaa koti, tukaenda.

Mwenyekiti alieleza jambo, akaongeza kwamba nyumba yenyewe haipotei, kwa kuwa imeshahifadhiwa kwenye kompyuta, tena vizuri kuliko kukandikwa kila mwaka. Alilichukua neno la Eunice kama lilivyo. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Maduhu akasimama. Katika mikutano yote niliyowahi kuhudhuria, hakuwa amesimama hata mara moja.

"Nilikosea," akasema. "Udongo haukutoka Kasala. Ulitoka mtoni."

Mwenyekiti akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Nasibu hakuinuka kwenye kiti. Alitoa simu mfukoni, akaipandisha sauti, akainyoosha juu. "Kasala. Wote," simu ikasema. "Kina mama waliubeba kwa vikapu miezi miwili." Ilikuwa sauti ya mtu mwenye furaha, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuitilia shaka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya mzee, bishana naye huyo." Kicheko kikaenea, si cha ubaya, ni kicheko tu cha mkutano. Mzee alibaki amesimama akijisikiliza mpaka mahali anapomtaja baba yake kwa jina. Ndipo akakaa.

Mikono ikanyooshwa. Mimi sikunyoosha wa kwangu. Wala sikusema neno.

Walibomoa kwa nyundo, siku tatu. Ukumbi ulianguka upesi, lakini matao yalisumbua. Mzee alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara, juu ya gogo, mikono magotini. Tao la tatu lilipobaki peke yake, kijana mmoja akaingia chini yake na nyundo. Mzee akainuka, akavuka, akamshika bega akamtoa. Akamwonyesha tofali la katikati na kumwambia alipige kutokea juu, akiwa pembeni. Kijana akafanya hivyo, na tao likashuka bila kumgusa. Mzee akarudi kwenye gogo.

Ukuta wa mbele ulitoa dhahabu kidogo, isiyotosha hata dizeli ya karasha. Kuta nyingine hazikutoa kitu. Mayala alichota udongo wa juu, na dhahabu ya Kasala iko kwenye mawe ya chini kabisa, jambo ambalo wachimbaji wote wanalijua, na wangelikumbuka tangu mwanzo kama wangetulia wakafikiri. Nasibu alikwenda kwa mzee kusema pole, akashindwa kumaliza sentensi. Alileta lori moja la mchanga kwa ajili ya zahanati. Msingi ulichimbwa. Sasa umeota majani, na mbuzi wanalala humo.

Julai ya mwaka uliofuata ilipofika, mzee aliniita. Alikuwa amebeba kalibu ya mbao, ile ambayo baba yake alifyatulia matofali. Tulikwenda mwaloni kwa Nasibu, kwenye lundo la marudio, uchafu unaobaki baada ya kuoshwa. Alinionyesha lundo la baraza, jekundu kuliko mengine. Akachota, akaloweka, akakanda muda mrefu, akajaza kalibu na kusawazisha juu kwa kiganja. Alipoinyanyua, kilichokuwa ndani kilimwagika pande zote kama uji uliozidi maji.

"Umeoshwa," akasema. "Hauna tena cha kushika."

Alijaribu mara mbili zaidi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Eunice alipiga simu. Alikuwa ameandika namba yangu, kwa sababu mzee hana simu. Tulikuwa kwangu tukinoa zana, nikaiweka sauti ya nje. Alitoa shikamoo kwa furaha. Alisema chombo chao hakikuona nyuma ya mlango wa chumba cha mahabusu, kwenye picha pana doa jeusi, na akaomba mzee akipata nafasi aende akapime upana wa mlango huo.

"Futi mbili na inchi saba," akasema mzee.

Eunice akacheka. "Baba, hata hujainuka."

"Hakuna haja."

Nilisubiri amwambie. Hakumwambia. Eunice akaandika, akashukuru, kisha akasema amekuta kwenye karatasi za zamani kwamba Mayala alijenga jengo jingine upande wa Shinyanga. Wangependa kwenda mwezi wa sita. Karatasi hazisemi kijiji. Je, yeye anapajua, na je, anaweza kuwaeleza habari zake kama alivyoeleza za lile?

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Alizaliwa hatua mia kutoka jengo hilo. Aliwahi kunipeleka, akanionyesha alama za madole gumba mawili ukutani.

"Baba yangu hakujenga kwingine," akasema. "Huyo atakuwa Mayala mwingine, mwanangu. Akina Mayala ni wengi."

Safari hii hakukuwa na sauti nyingine ya kumsuta. Eunice aliamini, akaomba radhi kwa usumbufu, wakaagana. Mzee akanirudishia simu na kuendelea kunoa.

Nililipita jengo hilo mwaka jana. Hakuna anayelikandika. Ukuta wa magharibi umeanza kuachia kutoka chini, na nadhani litasimama mvua mbili, zikizidi tatu. Haliko kwenye kompyuta ya mtu yeyote.