Kasoro Niliyomficha Jirani

Watu hudhani sisi tunaolinda mitambo ya kampuni ni watu wa siri. Uongo mtupu! Tukikutana Jumamosi alasiri, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja pale Donholm, Nairobi, tulikuwa tunapayuka kama wapiga debe. Tulikuwa saba, kila mmoja na kampuni yake, na kazi yetu ilikuwa moja: kupanga jinsi mifumo ya kompyuta itakavyokingwa na wezi. Sharti lilikuwa hili: unaeleza kwanza kosa lako la mwezi huo, ndipo unamiminiwa chai.

Aliyeanzisha kikundi ni jirani. Namwita hivyo kwa sababu tulilelewa mtaa wa Jericho, mlango kwa mlango. Babake mtu wa reli, wangu wa kanjo, yaani baraza la jiji. Yeye ndiye aliyenivuta kwenye kazi hii, akanifundisha bila kuringa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alikuwa akisema, kisha anajianika yeye wa kwanza hadi tunavunjika mbavu.

Mwaka jana nilimpa mpango wangu wa dawati la kuwasaidia wafanyakazi. Mtu akipoteza simu anayoingilia kwenye mfumo, anapiga pale kwa simu nyingine, anaulizwa nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kazi, kisha anapewa paswadi mpya. Niliuonea fahari sana. Jirani aliunakili kwa kampuni yake ya bima, akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Kisha mwizi akapiga simu kwetu, akajifanya meneja. Majibu yote alikuwa nayo. Tulipomshtukia, alikuwa ameshaingia kwenye rekodi za wateja. Niliziba tundu siku ileile: tangu hapo hakuna anayepewa paswadi kabla hatujampigia mkubwa wake. Wakili wa kampuni akaniletea karatasi ya kunyamaza nitie sahihi. Nikatia.

Jumamosi iliyofuata, zamu yangu ilipofika, nilisema eti niliacha kompyuta wazi nikaenda msalani. Wakacheka. Nikamiminiwa chai. Jirani akaniinamia.

"Jirani, ule mpango wako wa dawati bado unashika? Wakubwa wangu wananiuliza."

"Uko fiti," nikasema. "Wewe lala unono."

Msinipe kisingizio cha karatasi. Ningeweza kusema "hebu uupime tena," maneno matatu tu, na hakuna wakili ambaye angenishtaki. Sikusema kwa sababu nilikuwa napandishwa cheo, na kwa sababu sikutaka yeye, kati ya watu wote, ajue kwamba nimekosea. Kiburi tu, kiburi cha kijinga, na mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Wiki tatu baadaye wezi waliingia kwenye mifumo ya kampuni yake kwa njia ileile. Alifutwa kazi siku hiyohiyo, akasindikizwa hadi langoni na askari aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi. Mkewe alinipigia simu kutoka Komarock, akaniambia mume wake ameketi sebuleni na tai shingoni, hataki kuivua, hataki chakula. Nikamwambia pole. Pole! Ulimi wangu haukuona haya.

Sikudhani atakuja Jumamosi, lakini alikuja. Akasimama mbele yetu, akachora kwenye karatasi hatua zote za mwizi, moja baada ya nyingine, ili sisi wengine yasitupate.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilinakili bila kupima."

Alinakili kutoka kwa nani, hakutaja. Woi, moyo wangu! Sikuweza kukaa. Nilitoka hadi kwenye ngazi, naye akanifuata, akidhani nalia kwa kumhurumia. Akanishika bega, akaniambia nisijali, Mungu yupo, atapata kazi nyingine. Yeye ndiye alikuwa ananibembeleza mimi.

Nikamwambia yote.

Aliuondoa mkono begani polepole. "Siku ile nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Laiti angenitukana, laiti angenizaba kofi, ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

"Mimi ningekuambia," akasema.

Akarudi ndani, akaaga wenzetu mmoja mmoja kwa mkono. Alipotoka, nilikuwa bado pale mlangoni, nami nikaunyosha mkono wangu. Akaupita, akashuka ngazi.